Herufi Mbili Nyekundu

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji amenunua gari mnadani bila kulijaribu. Bila hata kuliwasha, nadhani. Mimi ndiye mwalimu pekee wa shule yake ya udereva na sikuulizwa neno. Nimeitwa tu uani kulipokea, kama vile naitiwa mgeni. Haya. Nikaenda.

Dogo, jeupe, milango minne. Pacha wa gari letu la zamani: kiwanda kilekile, umbo lilelile, rangi ileile. Nikasema hewala, angalau vipuri vitaazimana. Ndipo dada yangu – mke wa Shemeji, anayekaa dawati la mapokezi na ndiye hasa anayeiendesha shule – alipozunguka nyuma akaniita nikaone. Mgongoni kuna herufi mbili nyekundu, zimelala upande kama zinakimbia. Ubavuni mstari mwekundu. Na mabomba mawili ya moshi.

Dada akauliza la pili ni la nini.

Shemeji akasema ni la akiba.

Jumanne, 5 Machi

Fundi amekuja kulikagua. Akafungua boneti. Akavua kofia.

Alivyotueleza ni hivi: kiwanda kinatengeneza gari la mtu wa kawaida, la kupeleka watoto shule. Halafu kinachukua machache ya aina hiyohiyo, kinayatia moyo mwingine. Tabo ya kuisukumia injini hewa, breki kubwa, springi ngumu. Bodi hawaligusi sana. Anayejua anajua, asiyejua anadhani ni gari la mke wa mchungaji. Ndilo hili. Alisema wako watu wanaonunua zile herufi peke yake, wanazibandika kwenye magari yasiyo na kitu, wanatembea vifua mbele.

Nikasema lirudishwe. Gari la kufundishia linatakiwa liwe zembe kidogo, limsamehe mtu. Hili halina msamaha. Shemeji akajibu kwamba mnada si duka la viatu.

Mimi tangu nianze kazi hii sijawahi kuvuka spidi ya sitini na mwanafunzi. Wananiita Bwana Taratibu, wanadhani sijui. Sasa nikae kiti cha pembeni cha kitu hiki na mtu asiyejua klachi iko mguu gani!

Alhamisi, 7 Machi

Sijui habari zimevujaje. Asubuhi uani kumejaa vijana. Miezi yote hii walikuwa wanakwenda shule ya ng'ambo ya barabara, yenye magari mapya na kiyoyozi, sisi tukibaki kuhesabu nzi. Leo wamerudi kama kuku walioitwa kwa mtama. Mmoja aliomba apigwe picha ameegemea boneti, akapigwa, akashukuru, akaenda zake bila kujiandikisha.

Upande wa pili: mama mmoja aliyemleta bintiye alizitazama zile herufi kama matusi yaliyoandikwa ukutani. Akamshika mwanawe mkono, wakavuka barabara. Kwenye kiyoyozi.

Kwa hiyo tumepata na tumepoteza. Dada anasema hajui alie au acheke, lakini daftari la uandikishaji halijawahi kuwa na haraka hivi.

Wa kwanza kulijaribu: muuza simu wa kona ile, wanayemwita Miwani kwa sababu havui miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Alilizima mara kadhaa. Nikamwambia aongeze mafuta kidogo. Akaongeza. Tukapanda juu ya njia ya waenda kwa miguu. Nilikanyaga breki yangu ya pembeni, ile fundi aliyoifunga jana, mpaka kisigino kikalia. Tukabaki tumesimama, pua ya gari ikinusa kibanda cha mshona viatu, mshona viatu mwenyewe akiwa ameshafika mbali.

"Umeona, Mwalimu," Miwani akasema, ametulia kabisa. "Lina nguvu."

Nikamwambia nimeona.

Jumamosi, 9 Machi

Bibi Mkunga leo. Na gari la zamani, alhamdulillahi.

Huyu ni mkunga wa zahanati ya pale juu, mjane kama mimi. Nusu ya watoto wa mtaa huu yeye ndiye aliyewapokea. Mtulivu, mwenye neno lake, hatetemeki mbele ya damu. Lakini mweke kwenye usukani! Anakanyaga mafuta kama anakanyaga yai. Ameshaanguka mtihani mara mbili, na mara zote mbili si kwa kugonga, ni kwa upole. Mkaguzi – yule tunayemwita Jiwe, kwa sababu hajawahi kuonekana akitabasamu – alimwandikia: "Anakwamisha barabara." Leo mwenye baiskeli aliyebeba godoro alitupita, kisha akageuka kututazama kwa huruma.

Na safari hii si mchezo. Zahanati imepewa gari la kufuata wajawazito huko mbali. Dereva waliyekuwa naye amestaafu. Mwisho wa mwezi huu, kama hakuna mtu wa kuliendesha, linapelekwa zahanati nyingine. Wenzake wote wamekataa kujifunza. Amebaki yeye.

Ameniomba jambo moja: nisimpandishe kamwe kwenye lile lenye herufi nyekundu. "Mwalimu, wanaokimbiza magari yale mimi najua wanakoishia. Tunaowapokea ni sisi."

Nikamwahidi.

Gari likazimika mlimani. Akalipapasa dashibodi, akaliambia pole.

Jumatatu, 11 Machi

Shemeji amepata wazo. Akipata wazo hupiga mluzi, na leo tangu alfajiri anapiga mluzi.

Wazo: zile herufi zihamishwe. Zitoke gari jipya, ziende gari la zamani. Na mstari, na rimu, kila kitu. Fundi alizibandua kwa maji ya moto na uzi wa kushonea viatu, kazi ya saa moja. Bomba la pili la gari jipya likapakwa rangi nyeusi lisionekane. La zamani likachomelewa bomba la pili ambalo haliendi popote. Limetoka tu pale chini, linatazama watu.

Nilisema huu ni uongo. Akanikalisha.

"Kaka, vijana wanataka nini? Herufi. Wape herufi. Akina mama wanataka gari lisilo na herufi. Wape. Kila mtu kapata alichokitaka, uongo uko wapi?"

"Uko ndani ya boneti."

"Nani anaishi ndani ya boneti?"

Halafu akanibana pabaya zaidi. Alisema wewe unayehubiri usalama kila siku, niambie: hawa wenye miguu mizito, wakae kwenye gari lenye nguvu au kwenye zee lisilo na pumzi? Kweli, Miwani kwenye lile zee hawezi kumfikia hata mshona viatu akitembea.

"Na waoga je," nikauliza, "tuwaweke kwenye kombora?"

"Waoga hawakanyagi."

Mtu asiyejua kuegesha gari ananishinda kwa hoja za udereva.

Jumatano, 13 Machi

Miwani kwenye gari la zamani, sasa likiwa na herufi. Bomba lake la kweli lina tundu, kwa hiyo linanguruma kuliko hata lile jipya. Tulikwenda mpaka mzunguko wa sokoni na kurudi. Sidhani kama tulivuka arobaini. Njiani kwenye mteremko nilisikia mlango wa nyuma unagongagonga.

Alishuka anajifuta jasho. Nikamsikia anawasimulia wenzake: mnyama, mnyama yule, ukigusa tu shingo inabaki nyuma. Kwamba linataka mwanamume wa kulidhibiti. Wenzake wakaliangalia lile bomba lisilokwenda popote kwa heshima kubwa. Mmoja akainama akachungulia ndani yake. Aliinuka akatikisa kichwa, kama mtu aliyeona jambo.

Mchana yule mama wa juzi amerudi na bintiye. Amesikia tuna gari la kawaida pia. Alikaa kiti cha nyuma kusindikiza. Sifa tupu: hili ndilo gari la watu wenye adabu zao, hata ukikaa unasikia limetulia. Mimi muda huo nimekanyaga breki ya pembeni kwa miguu yote miwili, mgongo umekauka kama ubao.

Jioni dada alinipa mafuta ya kuchua. Hakuuliza.

Jumamosi, 16 Machi

Nimevunja ahadi. Au sijaivunja – niliahidi kutompandisha Bibi Mkunga kwenye lile lenye herufi nyekundu, na sikumpandisha. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ina kona nyingi.

Nafasi zote za gari la zamani zimeshachukuliwa na vijana, mpaka wiki ijayo. Likabaki lile jingine. Nikafunga mkanda, nikasema moyoni, haya, leo.

Akakanyaga yai lake.

Na gari likaenda! Kwa mara ya kwanza tukaenda kama watu. Ule mguu wake mwepesi, kwa injini ile, ndio kipimo chenyewe. Tuliingia barabara kuu, hakuna aliyetupigia honi. Mlima unaomshinda kila siku aliupanda mara moja, bila kurudi nyuma hata kiganja. Breki alishika mapema, gia alibadilisha kama anakunja kitambaa. Kumbe huyu mwanamke anajua kuendesha. Alichokosa ni gari la kumwelewa.

Tuliporudi alikaa kidogo bila kushuka.

"Mwalimu, leo barabara imefupika."

Nikamwambia umeendelea sana. Sikusema uongo. Kweli pia sikuisema.

Jumapili, 17 Machi

Nilichukua gari jipya kwenda kupima matairi. Barabara ya mchepuko, Jumapili, tupu.

Sitaandika mshale wa spidi ulifika wapi.

Nitaandika hili tu: nilicheka. Peke yangu, kwa sauti, madirisha yamefunguliwa, mtu mzima na mvi zangu. Miaka yote hii nawafundisha watu kuogopa kitu ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukigusa. Kinapendeza. Mungu anisamehe, kinapendeza mno. Sasa nawaelewa wale vijana, ila wao wanakipenda bila kukipata.

Nyumbani kwao dada kaniangalia nywele. Akauliza ni nani. Nikasema ni matairi. Akasema matairi hayamfanyi mtu apige mluzi, na hapa ndani mpiga mluzi alikuwa mmoja tu. Halafu akauliza kwa upole kama angalau ni mjane.

Jumanne, 19 Machi

Leo ilikuwa karibu.

Bibi Mkunga anaendesha, tunapanda kilima cha kiwanda cha matofali. Mbele yetu trekta. Akatoa ishara, akatazama vioo, njia nyeupe, akaanza kulipita. Vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Tukiwa ubavuni mwa trekta, lori likachomoza juu kutoka geti la kiwanda, linatujia, linamulika taa.

Nilifungua mdomo niseme breki. Lakini nyuma yetu kulikuwa na pikipiki imetuganda. Breki isingetufaa. Yeye aliona kabla yangu. Akakanyaga – safari hii si yai. Akakanyaga kwa mguu wa kweli.

Trekta ilikuwa hapa, ikawa huko nyuma. Tukarudi upande wetu, lori likapita, honi yake ndefu ikapotea nyuma, na mbele yetu barabara ilikuwa nyeupe kabisa. Akapunguza. Akatoa ishara. Akasimama kando, akavuta breki ya mkono. Mimi mikono yangu nikaikalia.

"Mwalimu, hili gari lenu tulivu limefanya nini?"

"Ni mteremko," nikasema.

Akatazama mbele. Akatazama nyuma. Tulikuwa katikati ya mlima, tunapanda.

Akawasha, tukaendelea.

Alhamisi, 21 Machi

Nilidhani atahama shule. Kinyume chake, amekuja mapema. Amesema akipata leseni, na mambo yakimkalia vizuri, atatafuta gari lake binafsi. La aina hii hii, lisilo na makuu. Akauliza kama nitamsindikiza kwenda kuangalia, maana mwanamke peke yake wauzaji humwona kama boga.

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Dada dawatini akaacha kuandika.

Alipoondoka, dada kasema: "Kumbe ndiye matairi."

Jumapili, 24 Machi

Mezani kwa Shemeji. Vita.

Dada alikuwa hajui kuhusu lori. Nilimwambia, nikakoma. Aliweka kijiko chini akamgeukia mumewe: umemwachia mtu anayezalisha watu akae juu ya kombora, na hujamwambia ni kombora. Shemeji akasema kombora lenyewe ndilo lililomwokoa. Wangekuwa kwenye lile zee, leo tungekuwa tunakula chakula cha matanga. Hilo nalo ni kweli. Ndiyo tabu ya Shemeji, kila upumbavu wake una mfupa wa kweli ndani.

Alisema Jumatano ndiyo mtihani. Ukimwambia sasa ataogopa. Akiogopa ataanguka. Akianguka zahanati inalikosa gari. Mtaa mzima utajua, tutafunga. "Mwambie Alhamisi, kaka. Akiwa na leseni mkononi."

Dada hakumjibu. Alinijibu mimi: "Kama una nia ya kunywa chai nyumbani kwa yule mama siku moja, asilisikie kwa mtu mwingine."

Nilikula haraka nikaondoka. Gari jipya lilikuwa limeegeshwa pale nje, jeupe, limetulia, halina hata alama. Linaonekana kama mimi.

Jumatano, 27 Machi

Naandika hapa hapa kwenye benchi la uwanja wa mtihani. Nikae bure nitakula kucha.

Tumekuja na magari yote mawili. Miwani alikuwa wa kwanza, na lile la herufi. Jiwe alilizunguka gari, akasoma zile herufi, akakaza mkanda wake mara mbili. Wakaondoka kwa mngurumo mkubwa na mwendo mdogo. Waliporudi Miwani alikuwa amepita – nimeshangaa mimi, ameshangaa yeye, ameivua miwani kwa furaha na kumbe ana macho mazuri tu. Jiwe alishuka, akaenda nyuma ya gari. Akalitazama lile bomba la pili. Akaniuliza, "Nguvu zote hizi hukaa wapi?"

Nikasema ni gari lenye siri. Akanitazama muda mrefu.

Halafu zamu ya Bibi Mkunga. Alikuwa amevaa viatu bapa, amekunja mikono ya gauni, kama anakwenda kazini. Nikamvuta kando, karibu na bomba la maji. Nikamwambia yote. Mnada, herufi, uzi wa viatu. Kwamba lile analoliogopa ndilo lisilo na kitu, na analoliendesha ndilo lenyewe. Kwamba kile kilima hakikuwa na mteremko.

Nilitegemea kofi. Au machozi, au aondoke.

Akasema taratibu, "Basi kumbe lilikuwa gari. Mimi nilidhani ni mimi."

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Si kumweka hatarini tu. Nilimpa furaha, kisha nikaja kumnyang'anya asubuhi ya mtihani, pale penye bomba la maji. Nikamwambia: gari halina macho. Lori aliliona nani? Pikipiki ya nyuma aliiona nani? Mimi mwalimu nilikuwa nimefungua mdomo niseme breki, na breki ingetuua. Nikasema mengine pia, sikumbuki yote. Moja nadhani lilikuwa halihusu udereva.

"Hilo la mwisho tutaliongea," akasema. "La gari kwanza."

Jiwe akaita. Magari mawili meupe yamepangana. Bibi Mkunga akaniuliza, kwa sauti ya wodini, lipi ni lipi, hakikisha. Nikamwonyesha. Ruhusa anayo, anaweza kuchukua lolote. Alisimama katikati. Lile zee anajua litamwangusha kwa uvivu, kama alivyoanguka kabla. Na lile jingine sasa anajua ni nini.

Akanyoosha mkono. Nikampa funguo za lisilo na herufi.

Lakini kabla hajaingia nilimsikia anamwambia Jiwe. Waziwazi, kama anavyomwambia mtu uzito wa mtoto: mzee, kabla hatujaanza, ujue hili si gari la kawaida kama linavyoonekana, nimeambiwa sasa hivi. Shemeji, aliyekuwa anapita nyuma yangu, alishika kichwa. Jiwe akaliangalia gari. Akaiangalia fomu yake. Akaingia.

Waliondoka vizuri. Ishara, kioo, jicho begani. Yai.

Wamekawia. Mzunguko wa mtihani si mrefu hivi, Miwani aliumaliza mapema na lile gofu. Shemeji anatembea huku na huku, anasema mimi nimemwua, yeye na shule. Hapigi mluzi. Dada amemwambia akae chini. Sasa watu wengine nao wanaangalia barabarani.

Nasikia sauti. Naijua, ni ile ya Jumapili, barabara ya mchepuko. Inapanda.

Hao wanakuja. Gari liko zima. Bibi Mkunga yuko ndani, namwona, lakini yuko upande wa pembeni. Fomu ameishika yeye, mapajani, kama mtu aliyekabidhiwa cheti. Aliyeshika usukani ni Jiwe.

Ana meno, kumbe.

Bibi Mkunga ameninyooshea kidole, au amenipungia, sikuona vizuri – wamelipita geti. Hawakuingia. Wameshuka tena kuelekea kiwanda cha matofali.